Ruta ya Ukweni

Mke wangu alinifungia mizigo miwili: mchele wa Ifakara, kwa kuwa mkwe haendi ukweni mikono mitupu, na ruta, kwa kuwa mama yake alikuwa amechoka kuzungumza na mwanawe aliyeko Muscat akiwa amejibanza pembeni ya kitanda. Nyumba ina intaneti ya faiba, tena ya kasi nzuri. Tatizo ni kwamba intaneti yenyewe haitoki chumbani. Ukifika ukumbini simu inaanza kusuasua, ukishuka jikoni picha ya kaka inaganda mdomo wazi, na mama anabaki kuuliza "umesemaje?" mpaka anakata simu kwa hasira.

Nilikuwa sijavuka kwenda Unguja hata mara moja. Harusi yetu ilifanyika Dar es Salaam. Wazee walikuja, wakala, wakabariki, wakarudi na boti. Tangu hapo safari ya kwenda kujitambulisha kwao ilikuwa inaahirishwa kwa sababu hii na ile. Ruta ndiyo iliyonimalizia visingizio.

Nilianzia Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Muuzaji alitaka nichukue yenye antena nyingi kuliko zote dukani. "Hii kaka inapiga mpaka nyumba ya tatu." Sikubishana naye, ila wingi wa antena si wingi wa nguvu: nguvu ya kurusha mawimbi imewekewa kikomo na mamlaka za mawasiliano, na ruta ya bei mbaya haina ruhusa ya kukivuka. Mimi nilitaka kujua mengine. Ina masafa yote mawili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5? Matundu yake ya waya ni ya gigabiti? Inaweza kuwekwa kuwa aksesi pointi, yaani iache kugawa anwani na ibaki kurusha waifai tu? "Ina kila kitu, kaka," alijibu bila kulitazama boksi. Nikaligeuza mwenyewe nikasoma ubavuni, nikakuta yote yamo. Nikaongeza rola la waya wa Cat6, vichwa vya RJ45 vya akiba na koleo ya kuvibania, maana sikutaka kufika ukweni nianze kuulizia duka.

Boti huondokea mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, hujikokota mpaka mlango wa bandari, halafu huachia mwendo. Safari ni kama saa mbili. Abiria hugawanyika haraka makundi mawili, wanaolala na wanaotapika. Mimi nilisimama nje, mkoba wenye ruta nimeuning'iniza kifuani. Kuelekea mwisho wa safari ulijitokeza upande wa kulia mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe, uliojengwa 1904, kisha Unguja yenyewe ikaanza kuonekana, na mbele ya bahari nyumba nyeupe zimesimama bega kwa bega.

Mji huu haukuanza jana kuunganishwa na dunia. Mwaka 1879 Waingereza walilaza waya wa telegrafu chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, ukaendelea Msumbiji mpaka Durban. Miaka minne baadaye Sultani Barghash alijenga Beit el-Ajaib, Jumba la Maajabu, ambalo maajabu yake mojawapo yalikuwa taa za umeme. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ilianguka. Nilikuwa nimeona picha zake, kifusi cha mawe na chokaa kimefika barabarani, na nilipoliona kwa macho nilianza kuwaza kuhusu ile drili niliyokuwa nimeazima na kuitia mkobani.

Bandarini Malindi mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Ofisa aliusimamisha mkoba wangu.

"Hiki nini?"

"Ruta, afande."

"Ya biashara?"

"Hapana, ya nyumbani. Naipeleka ukweni."

"Ukweni!" Akamgeukia mwenzake, wakacheka. "Pita, pita, usichelewe."

Hamali alitaka kunibebea mchele, nikamkatalia kwa ujeuri wa mtu mwenye ramani kwenye simu. Nyumba iko Kiponda, si mbali kabisa na bandari. Lakini nilipoingia vichochoroni kile kidoti cha buluu kilianza kuruka juu ya mapaa. Mara kiniweke Hurumzi, mara kinirudishe baharini. Setilaiti zinataka anga, na vichochoro vya Mji Mkongwe vinakuachia kipande chembamba tu juu ya kichwa. Kuta zilizokuwa zinanipoteza njia zilikuwa ndugu wa zile nilizoitiwa kazi. Nikaitia simu mfukoni nikamwamkia mzee aliyekaa barazani.

"Yakhe, unatafuta nyumba ya nani?" Nilipomtajia, alinitazama kuanzia viatu mpaka mkoba. "Aaa. Wewe ndo mkwe wa bara." Akamtuma mtoto anifikishe, na mpaka nabisha hodi nyumba ilikuwa imeshajua kwamba nimekuja na mchele.

Mama mkwe alinipokea ukumbini. Shikamoo, marahaba mwanangu, habari za huko, mke hajambo, watoto hawajambo, bahari ilikuwaje. Nikakaribishwa chai na mkate wa mofa. Halafu, kabla kikombe hakijaisha, akasimama akasukuma mlango wa chumba chake.

"Hebu ingia ukitazame hicho kidude chao."

Ruta ya kampuni ilikuwa chumbani kwake. Fundi aliyeleta faiba aliona dirisha la chumba hicho ndilo lililo karibu na waya wa mtaani, akaupitishia hapo, akaining'iniza ruta juu ya kabati la nguo, akaenda zake. Kwake ilikuwa kazi iliyokwisha. Kwangu ilikuwa ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu nilivyolelewa mimi Morogoro, chumba cha mama mkwe hukisogelei hata kwa macho.

"Samahani mama, ataingia shemeji."

"Kwani kina nyoka?"

"Hapana mama."

"Haya," alisema, na nadhani hakuchukizwa. Akamwita shemeji yangu mdogo, kijana wa kidato cha tatu, naye akaingia na stuli. Mimi nikabaki nje, mgongo umeelekea mlangoni, nikawa fundi wa kuelekeza kwa sauti.

Nilianza kwa kuzunguka na simu yenye programu ya kupima mawimbi, kwa sababu kuunganisha ruta kabla ya kuijua nyumba ni kubahatisha. Nje ya mlango wa chumba mawimbi yalikuwa mazuri. Hatua chache ukumbini, yale ya gigahezi 5 yakapotea. Jikoni chini hata ya gigahezi 2.4 yalikuwa yanakuja na kuondoka. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, nene kiasi kwamba dirishani mtoto anaweza kukaa akanyoosha miguu. Tena zinanyonya unyevu na chumvi ya bahari mwaka mzima, na maji ni adui mkubwa wa mawimbi ya redio. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari zina urefu wake, na huwezi kuuzidisha. Kwa hiyo kila baada ya hatua chache unakutana na ukuta mwingine mnene. Ruta moja, hata ya antena kumi, haiwezi kuhudumia nyumba ya namna hiyo kutoka kwenye kona moja. Inabidi waya uipeleke intaneti mpaka mahali mawimbi yatakapopata nafasi.

"Shemeji, soma karatasi iliyobandikwa chini ya ruta ya kampuni."

"Imeandikwa 192.168.1.1."

Ya kwangu ilikuwa 192.168.0.1, na hilo lilinipa nafuu. Anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa tangu 1994 kwa ajili ya mitandao ya ndani, ndiyo maana mamilioni ya nyumba duniani zinazitumia hizo hizo bila kugongana. Ila ndani ya nyumba moja, ruta mbili zikiwa na anwani ileile ukaziunganisha bila kubadilisha chochote, mtandao hautajua uende kwa nani, na dalili zake humchanganya mtu: waifai inaonekana, vipande vimejaa, lakini hakuna kinachofunguka.

Ruta mpya inaweza kuungwa kwenye ya zamani kwa njia tatu, na mafundi wengi hukufanyia ile rahisi bila kukuuliza. Unachukua waya kutoka tundu la LAN la ruta ya kampuni, unauchomeka tundu la WAN la ruta mpya, basi. Intaneti inafika. Lakini sasa ruta mpya imejenga mtandao wake nyuma ya ule wa kwanza, kila moja inagawa anwani zake, na kila ombi la kutoka linabadilishiwa anwani mara mbili. Ni sawa na nyumba yenye mlinzi getini na mlinzi mwingine mlangoni ambao hawaelewani: wewe unatoka vizuri, ila mgeni anayekutafuta hakufikii. Kwa anayetazama video tu haina shida. Kwa nyumba hii shida ingekuwa printa. Shemeji ana printa ukumbini, imeungwa kwenye waifai ya zamani, anachapia wenzake mitihani ya miaka iliyopita kwa ada ndogo. Simu ikihamia mtandao wa pili, ikitafuta printa kwa ule utafutaji wa kawaida haiioni, na biashara ya kijana imekufa.

Njia ya pili ni kuigeuza ruta ya kampuni iwe daraja tu, kazi yote ya ugawaji ihamie kwenye ruta mpya. Kwa mtu anayeijua kazi hiyo ni njia safi sana. Lakini mara nyingi inahitaji jina na nywila ya kujiunga ambavyo kampuni inavyo na wewe huna, unapiga simu huduma kwa wateja, unasikilizishwa muziki, na siku ruta mpya ikizingua kampuni inakwambia hicho si chetu. Nyumba ambayo fundi wake anaishi ng'ambo ya bahari haiwekewi mtego wa namna hiyo.

Niliichagua ya tatu, aksesi pointi. Ruta ya kampuni inabaki kuwa mkubwa: ndiyo inayotoka nje, ndiyo inayogawa anwani. Mpya inarusha waifai na kuunganisha waya, haiamui kitu. Niliiwasha peke yake sebuleni, kabla haijagusana na nyingine, nikaiunga na simu yangu, nikaingia kwenye mipangilio, nikabadilisha modi, ikajizima na kujiwasha. Ruta zisizo na chaguo hilo nazo hufanywa hivyo kwa mkono: unaipa anwani isiyogongana, tuseme 192.168.1.2, baada ya kuhakikisha haimo katika zile zinazogawiwa. Unazima DHCP, ambao ndio ugawaji wenyewe. Kisha waya unatoka LAN kwenda LAN, na lile tundu la WAN linabaki tupu. Watu husahau hilo la mwisho wakashinda kutwa wanailaumu ruta.

Ikaja habari ya waya.

"Kutoboa hapana," alisema mama mkwe kabla sijafungua mdomo. "Ukuta huu ukiutoboa unamwagika chokaa siku saba. Na watu wa Mji Mkongwe wakikuona na drili watakuuliza kibali."

Drili ikabaki mkobani. Shemeji ndiye aliyeonyesha njia: juu ya mlango wa chumba, ndani ya ile fremu ya mbao iliyochongwa, kuna nafasi ya kupitisha hewa. Waya ulitokea hapo, ukafuata pembe ya ukuta na boriti, ukapinda kuelekea varanda ya juu inayozunguka ua wa ndani. Niliupima ukatoka kama mita 25, na Cat6 inaruhusiwa mpaka mita 100, kwa hiyo hapakuwa na wasiwasi.

Kichwa cha upande wa chumbani nilikibana nje, shemeji akisimamia. Unachuna ganda kama sentimita mbili, unazikunjua zile jozi nne, unazinyoosha kwa kidole gumba mpaka nyuzi nane zilale sambamba: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Unazikata sawasawa, unazisukuma ndani, unatazama kwa mbele kama shaba zote nane zimefika ukutani, ndipo unabana. Kosa la kawaida liko kwenye kijani: mtu huzilaza zile mbili pamoja kwa kuwa ni jozi, wakati katikati yake inatakiwa ikae jozi ya buluu. Kijana alikibana cha pili mwenyewe. Ana mkono mwepesi kuliko wangu.

Akarudi chumbani na waya.

"Shemeji, kuna matundu manne ya manjano, moja limeshikwa na TV. Na kingine kidogo."

"Hicho kidogo cha simu ya mezani, achana nacho. Chomeka kwenye la manjano lolote lililo wazi. Unauona waya mwembamba mweupe wenye kichwa cha kijani?"

"Nauona."

"Huo ndio faiba. Usiuvute, usiukunje. Ndani yake ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Ukipigwa kona kali mwanga unavuja, taa ya LOS inawaka nyekundu, na tutakaa hivyo mpaka kampuni ilete fundi."

"Msiniharibie," ilisikika sauti ya mama mkwe kutoka ngazini. "Leo Ijumaa, mwanangu anapiga."

Ruta mpya niliifunga varandani, kwenye nguzo ya mbao inayotazama ua. Hapo ndipo nilipoipenda nyumba ile. Waliojenga waliuacha ua wazi katikati ili upepo uzunguke na joto lipande juu, na mawimbi ya redio nayo yanaipenda njia hiyohiyo. Kutoka varandani yanashuka moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni bila kukutana na jiwe hata moja, na vyumba vya pande zote vina milango inayofungukia huko. Nilishuka na simu mpaka jikoni: gigahezi 5, imejaa. Nyumba za kisasa za zege tunazojenga bara, zilizofungwa pande zote kwa ajili ya kiyoyozi, zingenisumbua zaidi.

Yaliyobaki yalikuwa madogo. Jina la waifai na nywila nilivifanya vilevile kama vya zamani, kusudi simu za nyumbani na za wageni zisianze kuulizana. Chaneli nikazitenganisha. Katika gigahezi 2.4 zisizoingiliana ni 1, 6 na 11, na programu yangu ilikuwa inaonyesha waifai za majirani zimerundikana kwenye 6 pamoja na ruta ya kampuni; mpya nikaipeleka 11. Simu ya mama ikaleta ukaidi wa kawaida, iking'ang'ania ruta ya chumbani hata ikiwa jikoni, kwa kuwa simu haihami mpaka mawimbi yafifie sana. Niliingia kwenye mipangilio ya ruta ya kampuni, huko huko nje nilikokuwa, nikapunguza nguvu yake ya kurusha. Ikaachia.

Mama mkwe aliuliza swali moja tu la kifundi, nalo lilikuwa zuri: umeme ukikatika? Anaikumbuka vizuri Desemba 2009, kebo ya umeme inayotoka bara chini ya bahari ilipokufa na Unguja ikakaa gizani kama miezi mitatu. Kwa giza la namna hiyo sina dawa, nilimwambia, ila kwa saa mbili tatu zipo betri ndogo za ruta. Zinatakiwa mbili, kwa sababu mpya ikiwaka na ile ya chumbani ikazima hakuna kitu. Akaniagiza nizilete safari ijayo. Kumbe ipo safari ijayo; nilifurahi kimyakimya.

Alasiri shemeji alinitembeza. Pale Jaws Corner, wazee wanapokunywa kahawa na kucheza bao, kuna simu ya zamani imetundikwa nguzoni na tangazo kwamba kupiga nchi za nje ni bure. Haijaungwa popote. Wazungu wanaipiga picha.

Saa mbili usiku, ambayo Muscat ni saa tatu, simu ya kaka iliita mama mkwe akiwa jikoni. Aliiegemeza kwenye kopo la sukari akaendelea kukuna nazi. Picha haikukwama. Kaka alisalimia, akaniuliza habari za boti, kisha akasogeza uso karibu na kioo.

"Mama, hizo ndizi mbona umezikata kubwa hivyo? Na chumvi yote hiyo?"

Mama mkwe akaweka nazi chini, akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama uani.

"Mwanangu, hiki chako kinazimwa wapi?"

"Kuna kitufe nyuma, mama. Shemeji anakijua."